Njia Haikumuua Kirukanjia

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Butembo, mwanangu, nilipookota kirukanjia aliyekufa kwenye njia ya kwenda masomoni. Unamujua: kale kapanya ka mudomo murefu, kenye kunuka, kenye kula wadudu. Kwetu wote, Wakatoliki na Waprotestanti, tunasema jambo moja: kakivuka njia ya watu, kanakufa. Njia ndiyo inakaua. Nikakafunga ndani ya jani la ndizi, nikakapeleka kwa prof wetu wa biolojia, muzee wa Masereka, mutu wa maneno machache.

Vyombo vya kazi vya masomo askari walikuwa wameviiba, pamoja na madirisha. Donc, basi, prof alikapasua na wembe juu ya kibao. Mwanafunzi mumoja akauliza kama tutakapika na sombe, majani ya muhogo, tukacheka. Muzee hakucheka. Akaniuliza nini kilikaua. Nikajibu kwa kiburi cha mutoto mwenye kujua: njia.

Akavuta utumbo kwa ncha ya wembe. Ulikuwa mufupi, laini, upana uleule toka tumbo mpaka mwisho, sawa na uzi.

"Ona," akasema. "Cobaye, kale kanyama ka kula majani munakofuga jikoni kwenu, iko na mufuko mukubwa mu utumbo, caecum, majani inalala mule. Huyu hana. Chakula inaingia, kisha muda kidogo imetoka. Hana akiba. Akikosa kula masaa machache, anakufa."

Akapasua na tumbo. Tupu, jeupe kama ganda la ndani la kitunguu.

Akaniita kwa jina: "Masika, kamekufa na njaa, mahali batu bote banapita. Na wewe unashitaki njia."

Nilimukasirikia muda murefu. Aliyeshiba hamujui mwenye njaa, na siku zile nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, mara mbili kwa siku.

Mimi si muzee, mwanangu. Ila vita vinazeesha mutu mbele ya nywele zake, na wengi waliopaswa kukupa maneno haya wako udongoni. Donc sikia mimi.

Nilikuwa nimeolewa Beni, kule Bungulu, na wewe ulikuwa na wiki tatu, masasi ya bunduki yalipoanza. Baba yako alikuwa amekwenda kutafuta viazi Masereka. Barabara ikafungwa kwa magari nyuma yake, hakuweza kurudi. Tukakimbia kwa miguu kuelekea Butembo, wanawake kumi na kitu, nyanya yako, mama wa baba yako, akiwa mbele. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kusimama. Kando yangu alitembea jirani yangu Kahindo, na mutoto wake wa mwezi mumoja mugongoni.

Toka mapambazuko mpaka saa kumi hatukunyonyesha. Mulilia wote wawili, kisha mukanyamaza. Mama mukwe akasema Mungu asifiwe, wamelala, na mimi nikaitika amina. Kimya kingi kina mushindo mukuu, lakini masikio yangu yalikuwa miguuni.

Chini ya kilima cha Kabasha kirukanjia alikuwa amekufa katikati ya barabara, watu wanamuruka. Nikaona tena ule utumbo wa uzi. Nikashika muguu wako: baridi. Nikakaa kwenye matope, nikatoa ziwa.

"Simama," mama mukwe akasema. "Utabaki peke yako."

"Nitabaki, mama."

Kahindo alisimama, akanitazama. Alikuwa anangoja neno. Mimi nilijua habari ya tumbo lisilo na akiba, yeye hakusoma. Ningevuta kitenge chake, angekaa. Lakini niliogopa kumubishia mukubwa mara ya pili, nikainama. Nilipoinua kichwa, kitenge chake kilikuwa kinapanda kilima na wengine.

Ulikuwa umesahau kunyonya. Nilikamua tone kwa tone mudomoni mwako, mvua ikitupiga, hakuna mutu juu, hakuna mutu chini. Sijawahi kuwa peke yangu vile. Kisha ukavuta.

Tulifika Butembo siku ya pili. Mutoto wa Kahindo alikuwa amezikwa. Kanisani wakasema njia imemuchukua. Barabara haina meno, mwanangu. Nilisimama niseme, nikamuona mama mukwe analia, nikakaa. Mpaka leo Kahindo ananisalimia vizuri sokoni. Akikuona wewe, anageuza macho. Nina hasira na walioleta masasi. Nina hasira na mudomo wangu zaidi.

Basi shika hili. Mutoto mudogo hana akiba tumboni. Akinyamaza sana, umuamushe. Ukiwa na neno lenye kuokoa, usilimeze kwa ajili ya heshima: heshima haizikwi, mutoto anazikwa. Na wakikuambia njia imeua mutu, uliza alikula lini mara ya mwisho, na ni nani walimupita.

Mungu akupe safari ndefu, na kando yake watu wenye kukaa matopeni pamoja nawe. Akupe pia mudomo ambao mimi nilikosa. Siku ukimukuta Kahindo anapanda kilima amechoka, umushike kitenge, umwambie: mama, kaa.