Tarehe Iliyojificha Nyuma ya Picha

Mumewe alipomgawia shamba la kahawa kule Masoko mwaka 1984, wazee waliandika karatasi, na Bibi Tupokigwe akaitunza kashani miaka arobaini. Mchwa walipoitafuna, mjukuu wake Monica aliipiga picha kwa simu, mabaki yaliyojaa mchwa yakachomwa.

Mume alipofariki, shemeji yake Bibi, mdogo wa marehemu, alilitaka shamba. Kwenye baraza la ardhi, karani aliichukua simu ya Monica, akafungua maelezo yaliyojificha nyuma ya picha.

“Mama, simu huandika yenyewe siku picha ilipopigwa. Hii ni ya Februari mwaka huu, si ya 1984.”

“Hiyo ni siku ya picha, mwanangu, si ya karatasi!”

“Karatasi iko wapi?”

Shemeji akacheka. “Hata simu yenu inakukana!”

Wazee walioandika walikwisha kufa wote. Bibi akapewa kalamu asaini kwamba ameshindwa. Akaandika jina lake lote, polepole.