Komanda na Mtani Kaburini

Mfaransa Anselme Courtadon alifika Ouahigouya, mji wetu wa Wamosi, mwaka 1927, kijana mwenye masharubu machache na sheria nyingi kichwani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ukomanda, yaani kutawala wilaya kwa niaba ya wakoloni. Alitusumbua kwa kodi kama wote waliomtangulia, hilo halifichiki. Hata hivyo, wazee wetu hawalitaji jina lake bila kucheka, na sababu ni mazishi ya mzee Noaga.

Noaga alikuwa baba wa Tennoaga, mkalimani wa Courtadon. Siku ya msiba Komanda alitangulia makaburini kutoa heshima zake. Huko alimkuta Salla Toé, mama muuza pombe ya mtama, amejilaza chali ndani ya kaburi lililochimbwa.

"Simpishi!" alipiga kelele. "Huyu Mmosi mchoyo kafa na kuku wangu! Mzikeni jikoni kwake, ndiko alikopenda kukaa!"

Askari alipomtafsiria, Courtadon alifura kwa hasira. Marehemu anatukanwa kaburini kwake! Akaamuru Salla atolewe, afungiwe.

Muda si mrefu waombolezaji wakawasili na maiti. Tennoaga akachungulia kaburini.

"Mtani wetu yuko wapi?"

"Nimemfunga," Courtadon alijibu kwa fahari.

Watu walishika vichwa.

"Umenimaliza, Bwana Komanda!" Tennoaga alilalamika. " Yule ni Msamo, na Wasamo ni watani wetu sisi Wamosi. Asipomtukana baba, baba atazikwa kama mtu asiye na kwao. Na kwa joto hili hatuwezi kumlaza hadi kesho!"

Courtadon alipanda farasi wake, akaenda mbio kufungua mlango wa mahabusu mwenyewe, Tennoaga akihema nyuma yake. Salla alikuwa amejinyoosha, raha mustarehe.

"Sitoki. Pazuri hapa, hapana Mmosi hata mmoja."

"Mama, tafadhali," Courtadon alisihi kupitia kwa Tennoaga.

"Nililetwa na askari wawili kama malkia. Nitarudi juu ya farasi wako, na hatamu utashika wewe."

Basi mji mzima ukamwona Komanda akitembea kwa miguu katika vumbi, kofia kwapani, akimwongoza farasi. Juu yake Salla alipunga mikono.

"Mtazameni mtumwa wangu mpya! Mwekundu kama pilipili, lakini mwendo anao!"

Wanawake walipiga vigelegele. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Salla alishuka, akajilaza tena kaburini. Tennoaga akampa kokwa za kola za kutafuna, na kuku. Salla akampapasa kuku, akanung'unika kwamba amekonda kama aliyemtoa, kisha ndipo akapisha. Mzee Noaga akazikwa jua likiwa bado liko juu, akiwa ametukanwa ipasavyo, na udongo ulipomfunika, Salla ndiye aliyelia kuliko wote.

Courtadon alipanda vyeo baadaye, akahamishiwa Bamako, kisha Niamey. Lakini kwa miaka yote aliyobaki kwetu, alipoitwa msibani, swali lake lilitangulia hata pole:

"Watani wamefika?"