Tela ya Baba na Maneno ya Bibi

Juzi wanangu walijazana sebuleni kwangu, hapa Nguvumali, wakipanga safari ya mbuga za wanyama. Wamepata tela ya kuvuta nyuma ya gari, ya kubebea mahema na vyombo, na walikuwa wakibishana kama gari lao litaimudu. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikawajibu bila kuulizwa: tokeni alfajiri, Segera mnywe chai, Mombo mpumzishe gari, adhuhuri mtakuwa Same, na Mkomazi iko pale pale jirani. Wakanigeukia. Mmoja akauliza, "Kwani mama ulikwenda lini?" Nikamwambia sikwenda. Njia hiyo niliihifadhi nina miaka kumi, kama watoto wenzangu walivyohifadhi sura za Kurani chuoni.

Mwaka ule bibi, mama yake baba, alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala na ulimi ukawa mzito. Alisema, lakini maneno yalitoka yamevunjikavunjika, na nyumba nzima aliyeyaelewa ni mimi tu. Sijui nilijifunzaje. Labda kwa sababu kila nikitoka shule nilikaa naye, mama akapata kwenda sokoni. Hivyo ndivyo tulivyoishi: akitoka mmoja, mwingine anafungika ndani. Mama alimgeuza asubuhi, mchana na jioni ili asitoke vidonda, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka. Wenzangu wakicheza rede nje, nilizisikia kelele zao kupitia nondo za dirisha, na bibi akinitazama ninavyosikiliza.

Baba alikuwa mchomeleaji vyuma. Siku moja akaja na ekseli kuukuu yenye magurudumu mawili, aliyoipata shamba la mkonge, akaiweka uani, akatangaza kwamba atatengeneza tela. Tutafunga safari sote: Mkomazi, halafu Arusha, halafu Ngorongoro. Na bibi je? Bibi atalala humo humo kwenye tela, juu ya godoro, chini ya turubai. Tukaamini. Kila baada ya Alasiri alikunjua ramani mkekani, akapitisha kidole Muheza, Segera, Korogwe, na mimi nikavitaja vituo kwa sauti. Uani kulinuka chuma kilichoungua. Mama hakusema mengi. Mara mbili alikaanga visheti vya njiani, beseni zima, na mara mbili bibi akapandwa na homa, safari ikaahirishwa. Vile visheti tulivila nyumbani, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mpaka tukakinai.

Tela ilipokamilika, baba akaazima pikapu ya kuivuta, akataka tuijaribu mpaka Usagara na kurudi. Baba na mama walimbeba bibi kwa shuka, wakamlaza ndani ya tela. Mimi nikaketi pembeni yake. Mle ndani turubai lilishika joto kama chungu, na kwa nyuma paliachwa uwazi mdogo, tukawa tunaiona barabara ikitukimbia. Kwenye tuta la kwanza bibi alinishika mkono. "Mwambie asimame," alisema. Niligonga bati. Pikapu ile ilikuwa na kelele, baba hakusikia. Niligonga kwa kiganja, nikagonga kwa kandambili, na bibi akafumba macho. Tulikwenda mpaka Usagara, tukageuza, tukarudi.

Baba alikuja nyuma anatabasamu. "Mama, umeonaje?"

Bibi akasema, na baba akanitazama. "Anasemaje?"

"Anasema yeye si gunia la nazi. Anasema hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda."

Tabasamu likamtoka. Jirani yetu, mama wa Kidigo aliyekuwa akituuzia mbaazi za nazi, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake, akainamisha uso.

"Anasema amewafukuza tembo sana shambani Maramba alipokuwa mwali, hana hamu nao. Anayetaka kutoka ni huyu." Bibi alikuwa amemnyooshea mama kidole cha mkono wake mzima. "Anasema mpeleke mkeo, kabla hajawa kama mimi."

Mama alikaa chini pale pale mchangani, akajifunika uso kwa upindo wa khanga. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Bibi akaongeza jambo. Baba akaniuliza tena. Ningeweza kusema lolote, maana hapakuwa na wa kunikosoa. Lakini nikalisema: "Anasema jirani atamwogesha. Lakini mimi nibaki, maana ndimi ninayemsikia."

Wakaenda wawili. Siku nne. Jirani alikuja asubuhi na jioni, na saa zilizobaki tulikuwa bibi na mimi na saa ya ukutani. Siku ya kwanza sikumsemesha kabisa. Nilimnywesha maji nimegeuza uso. Siku ya pili akaniita. "Nimekufunga, mjukuu wangu."

"Umenifunga," nikasema.

"Nami nimefungwa. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Haikuwa kweli siku ile, ila kufikia siku ya nne ilikuwa kweli. Nilimchana nywele, naye akanifundisha matusi ya Kibondei.

Walirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mama alicheka kabla hajavua viatu. Alikaa kitandani kando ya bibi, akamsimulia twiga aliyesimama katikati ya njia kama mwenye shamba, na bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kitu, ananitazama mimi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Bibi alikuwa amesema, "Safari ijayo, mtangulizeni mtoto. Mimi nitabaki na yeyote."

Niliona haya. Nani angeamini kwamba sijajitungia? Nikasema, "Anasema karibuni nyumbani."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. Alijua, na hakuwa na njia ya kunisahihisha. Safari ijayo haikuwepo. Kabla ya masika alitutoka, na baba hakuigusa ramani tena. Tela ikabeba mchanga wa watu, kisha ikakatwa vyuma.

Sasa baba hayupo, mama hayupo, na nyumba ile imevunjwa pakajengwa fremu za maduka. Yale maneno yaliyovunjika hakuna anayeyajua duniani isipokuwa mimi. Nimewafasiria watu mengi ya bibi yangu, hata yaliyoniumiza. Hilo moja, la kunitanguliza safarini, nililificha, na lilikuwa langu.