Mama mkwe wangu ana kisukari, kumbe alikuwa hanywi maji kwa ajili yangu

Wakuu, salaam kutoka Levolosi, Arusha. Kisa hiki ni cha nyumbani kwangu na sijaongeza chumvi.

Mama mkwe wangu ana kisukari, anaishi Maji ya Chai. Ni Mmeru wa kizamani haswa. Kwake mkwe ni mtu wa kuheshimiwa: haongei naye moja kwa moja, na habari za choo ndiyo kabisa hazitamkwi. Miaka yote ujumbe wake kwangu unapitia kwa wife.

Shida ni kwamba mwenye gari ni mimi.

Kila nikimpeleka kliniki mjini, kumbe bi mkubwa anaacha maji tangu jana yake, eti asije akabanwa njiani akalazimika kuniomba nisimame. Na mimi nipo kwenye usukani najiona mkwe bora!

Juzi kati ikaanza homa, kiuno kinauma, sukari imepanda haishuki. Chooni haishi kwenda. Sote tukasema ni sukari hiyo tu.

Alipoanza kuweweseka, wife alilia. Mimi niliogopa kweli, maana yule mama nampenda.

Hospitali wakapima mkojo: UTI kali, imeshafika kwenye figo. Daktari akasema wenye kisukari inawashika kirahisi, na yenyewe inazidi kupandisha sukari.

Homa iliposhuka daktari akamuuliza mama mbona hanywi maji. Mama akamnong'oneza wife kwa Kimeru, wife akacheka huku machozi yanamtoka. Nilipoambiwa nilitamani ardhi inimeze.

Akachomwa sindano, akaendelea na vidonge, sukari ikatulia. Siku namfuata nimemkuta anawaimbisha wagonjwa wenzake mapambio, wodi nzima makofi. Mungu ni mwema aisee.

Kwenye gari nikampa chupa kubwa ya maji. Akapokea, akanywa. Tumeshapita Tengeru, nasikia sauti nyuma:

"Mkwe, simamisha gari. Nimebanwa."

Wife akabaki mdomo wazi. Nilikanyaga breki kwa furaha mpaka bodaboda wa nyuma akanitukana. Nikamwambia asante kaka.

Wakuu, mgonjwa wa kisukari akibadilika msiishie kusema ni sukari. Mpelekeni akapime mkojo, dozi aimalize. Na kama hanywi maji, ulizeni anamwonea nani aibu. Anaweza kuwa ni wewe unayesoma hapa.

Haya, kwenu ni nani? Karibuni tucheke na kufundishana.