Ondoa Nyumba ya Pili

Jino lilitua kwenye kibodi yangu, bado lina damu ya moto.

Mimi ni yule dada ambaye mteja akipandisha sauti, machozi yananitangulia. Nimesoma uhasibu chuoni, lakini kumtajia mtu bei bado kunanitoa jasho. Naandaa ritani za kodi kwenye ofisi ya shangazi yangu. Chumba kimoja, meza mbili, benchi la wateja.

Asubuhi ile aliingia mwenye duka la saruji. Mtaani wanamwita Saruji tu. Nyuma yake mdogo wake, mbeba mifuko dukani kwake, amekumbatia boksi la risiti.

Nikamaliza hesabu, nikataja ada.

"Binti, unabonyeza vitufe tu! Hiyo bei ni ya kunizika?"

"Mzee wangu, ni nyumba mbili za kupangisha. Kila nyumba ina ada yake."

"Nipe nusu."

Nilikuwa karibu kukubali. Shangazi akaniwahi bila kuinua kichwa. "Hapunguzi."

Saruji akacheka. "Basi ondoa ya pili. Si yangu. Ni ya huyu hapa."

Mdogo wake akashtuka. "Yangu, Kaka?"

"Funga bakuli, napunguza bei."

Kwetu mali ya mtu haiondolewi kwa mdomo. Nikaandika maelezo kwamba nyumba ya pili ni ya mdogo wake, nikaweka jina kamili la mdogo mtu. Saruji akasaini bila kusoma, roho kwatu.

Ndipo mdogo mtu akauliza, taratibu kabisa:

"Kaka, kama ni yangu, mbona Ijumaa unanitoa humo na mke na mtoto mchanga? Kisa pango la miezi miwili tu!"

"Nimesema kwa ajili ya bei, zuzu wewe!"

"Lakini umesaini."

Ngumi ya kwanza ndiyo iliyoleta lile jino mezani kwangu.

Ya pili ilimwangusha pamoja na benchi. Yakafuata mateke ya mbavu. Nikasikia kitu kikialika ndani yake kama kijiti kikavu.

Kisha Saruji akanigeukia. "Lete karatasi."

Msinione jasiri. Vidole viligoma tu kufunguka.

Akakamata kidole changu cha mwisho, akakikunja kwa nyuma. Kikavunjika. Nikapiga yowe, karatasi bado mkononi. Akashika cha pili.

Hapo shangazi, mwanamke wa sala na sauti ndogo, akanyanyua ile mashine ya chuma ya kutoboa karatasi, akamtwanga nayo kisogoni. Saruji akageuka, akamkaba koo. Shangazi akamtwanga tena, sasa usoni. Pua ikapasuka. Akaenda chini kama mfuko wa dukani kwake.

Mafundi cherehani wa chumba cha jirani wakamkalia mpaka polisi walipofika.

Nikawa naokota risiti zilizotapakaa, kwa mkono uliobaki mzima, huku nalia. Nyingine zimelowa damu.

Nikakuta risiti ya kodi ya ardhi ya ile nyumba ya pili. Saruji aliileta mwenyewe, ili ihesabiwe kama gharama. Mimi asubuhi nilinakili kiasi tu, jina sikulisoma.

Sasa nikalisoma. Nikalilinganisha na maelezo aliyosaini.

Mwenye nyumba alikuwa yule mdogo mtu aliyelala sakafuni.

Nikamwonyesha. Akasoma mara tatu, damu ikimdondoka kidevuni.

"Baba alisema ameniandika mimi," akanong'ona. "Kaka akaniambia marehemu alikuwa anaweweseka."

Miaka sita analipa pango kwenye nyumba yake mwenyewe! Na mimi niliyedhani Saruji anadanganya ili apunguziwe, kumbe siku nzima lile ndilo neno lake pekee la kweli.

Ijumaa hakuhama mtu. Mke wake alikuja ofisini na mtoto, anataka ritani ya kwanza ya mume wake kama mwenye nyumba. Nikataja ada.

"Wifi, nipunguzie kidogo basi."

Sikupunguza. Ila nilimpakata mtoto wakati anatafuta pochi.

Wenzangu mnaoona haya kutaja bei ya kazi yenu, itajeni. Mtu mwema ataomba, atanung'unika, atalipa. Anayevunja vidole vya watu kwa sababu ya ada, tatizo lake halijawahi kuwa ada.