Majivu ya Jikoni, Chuma cha Nyota

Kicheko ndicho kilichotangulia. Mimi na Mama tulikuwa koridoni, mbele ya mlango uliofungwa wa chuo kimoja cha Butembo. Ndani, yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa akitetea kazi yake ya kumaliza masomo. Mama alikuwa ametoka nyumbani kwetu Bungulu na kopo la poda, ile tunayommwagia kichwani mtu aliyefaulu. Aliposikia wanaume wanacheka vile, aliamini mambo yameisha vizuri. Akasukuma mlango, tukaingia, akammwagia yaya poda palepale mbele ya ubao.

Hakuwa amefaulu. Walikuwa wakimcheka yeye.

"Mademoiselle," mwenyekiti wa jury, lile jopo la watahini, aliendelea, akifuta machozi, "ulipanda ku échelle gani, ngazi ya wapi, kwenda kuonja chuma ya nyota? Siye hapa hata courant ya taa tunatafuta!"

Mpaka leo inaniuma. Yaya hakuonja kitu. Wenye darubini kubwa huko mbali hugawa vipimo vyao bure, naye alivichukua kwenye cyber ya mjini. Mwanga wa nyota ukitandazwa katika rangi zake, huonekana mistari ya giza, alama za madini yake: chuma hapa, kalisi pale. Yeye aliisoma mistari hiyo.

"Prof, migomba ya nyuma ya jiko inanona ju tunatupaka majivu pale," alijibu, poda ikimwingia machoni. "Shamba ya mbali haipate kitu. Galaksi iko vile. Katikati nyota mingi zilizaliwa, zikakufa, zikaacha majivu. Zenye zinakuya nyuma zinazaliwa na chuma mingi. Kule pembeni, chuma inapunguka."

"Mais, majivu tena!" Wakacheka upya, mwenyekiti akaendelea. "Acha nyota. Utuandikie viazi ya mashamba ya Musienene, tutakupa points. Ukikatala, diplôme hapana."

Viazi sividharau, vimetulea. Lakini ndivyo tunavyoambiwa siku zote, sisi wa huku: tazama chini. Chini kuna dhahabu yetu, na wageni wanaijua njia yake kuliko sisi. Mtoto wetu akiuliza madini yote haya yalipikwa wapi kabla hayajawa ya kuporwa, anafukuziwa shambani. Nani aliwagawia wengine mbingu, sisi akatuachia mashimo?

Yaya alimgeukia Mama. Tangu tulipokimbia vita Eringeti, Mama alikuwa akiisubiri diploma hiyo, ya kwanza nyumbani kwetu.

"Haiyaisha bado?" Mama aliuliza polepole.

"Haiyaisha, Mama. Banataka niache nyota."

Mama alilitazama kopo, kisha wale wanaume.

"Poudre hairudiake mu kopo," alisema, akammwagia yote iliyobaki.

Yaya alikusanya karatasi zake, nywele nyeupe pe.

"Viazi mutaandika benyewe," aliwaambia, akatoka.

Mimi na Mama tulikuwa bado ndani, kopo tupu mkononi mwake, mlango ulipojibamiza nyuma ya yaya.