Hakuna Chai Kabla ya Uthibitisho

Mtu akikuambia kwamba Mwalimu Jovinary Byabato ni mtu mzuri, ujue hajawahi kukaa naye kikao hata kimoja. Mimi nimekaa naye vingi. Naitwa Luhaga, nafundisha hisabati Kisesa, na tangu nijiunge na tawi la Mwanza la Jumuiya ya Wanahisabati, katibu wetu alikuwa yeye. Simpendi. Nalisema hilo mapema, asije mtu akanitaka nimwonee huruma katikati ya safari.

Alizaliwa Muleba, akakulia kwenye migomba na misa za alfajiri, akasomeshwa na mapadri, na nadhani mapadri ndio wa kwanza kujuta. Jumapili moja kule Ilemela, padri alihubiri kwamba hakuna binadamu awezaye kukadiria mchanga wa ufukwe wa ziwa letu. Waumini wakatikisa vichwa kwa unyenyekevu. Jovinary akamsubiri nje, akamwambia unakadirika, na akaanza kumkadiria palepale, padri wa watu kasimama juani na kanzu yake. Prudencia, mkewe, ambaye ni muuguzi na anaelewana na kila mtu, alienda kukaa juu ya jiwe mbali kidogo kama asiyemjua. Harusini, msibani, mkutano wa mtaa, kote ni hivyohivyo. Ukisema "kila mtu anajua," atakuuliza kila mtu nani.

Huko nje tungemvumilia. Shida ilikuwa ndani ya Jumuiya. Jumuiya ni ya taifa zima: huko juu wako maprofesa, liko jarida, uko mkutano mkuu wa kila mwaka, na wako viongozi wanaoitwa wizarani mitaala inapobadilishwa. Huku chini tuko sisi, walimu wenye vumbi la chaki kwenye mikono ya mashati, na katibu wa tawi ndiye anayeingia kwenye baraza la taifa kutusemea. Sasa atusemee nini? Mimi darasani kwangu watoto wamejaa mpaka wengine wanaandikia mapajani. Nilitaka mtu wa kwenda kule kupiga meza, awaambie kwamba hao mnaowaita wajinga wa hesabu hawajawahi kushika kitabu cha hesabu cha peke yao. Jovinary alikuwa anakwenda barazani na kutuletea mafumbo ya kujipima akili.

"Jumuiya si chama cha wafanyakazi," alikuwa akisema. "Ni mahali pekee ambapo mwalimu wa hisabati anabaki kuwa mwanahisabati."

Na akatuletea utaratibu wake. Kila kikao, kabla ya chai, majina yetu yote yanatiwa kwenye kapu, lake likiwemo. Jina likitoka, mwenyewe anasimama ubaoni na kuthibitisha jambo atakalopewa. Akikosea, siku hiyo hapigi kura. Sambusa zilikuwa zinapoa huku watu wazima wenye familia zetu tunaomba kimoyomoyo kapu limkamate jirani. Mbaya zaidi, utaratibu huo tuliupitisha wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana anaogopa ubao.

Siku iliyonitia hasira kabisa ni ya Mzee Nathaniel. Huyu mzee amefundisha nusu ya mji na alikuwa anakaribia kustaafu. Kapu likamtoa, akaambiwa athibitishe kwamba pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa zinakuwa nyuzi mia na themanini. Akaandika vizuri, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani. Tukapiga makofi. Jovinary akainuka.

"Shikamoo, mzee," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Marahaba."

"Umetumia kanuni ya pembe ya nje. Hiyo kanuni umeitoa wapi, kama si kwenye jambo hilihilo unalotuthibitishia? Umezunguka ukarudi ulikoanzia. Leo hupigi kura."

Amkia kwanza, kisha nyonga! Mzee akafuta ubao mwenyewe, akachukua kofia yake akatoka bila kuonja chai. Hakurudi tena kikaoni.

Nikaapa kumng'oa huyo katibu. Mtu wa kumweka pale nilimpata: Madam Shruti, ambaye familia yao ina duka mjini tangu enzi za babu yake, na mwenyewe anafundisha hisabati shule ya binafsi. Ana ulimi laini, ila akishika jambo haliachi. Tukakubaliana kwamba akipita, la kwanza barazani ni vitabu, na la kwanza kikaoni ni chai. Nikazunguka Nyakato, Magu mpaka Sengerema kumwombea kura. Jovinary hakuzunguka popote. Kazi ya shule alikuwa ameshastaafu, na kilichokuwa kimebaki cha kumtoa nyumbani ni huo ukatibu tu. Prudencia alimwambia mke wangu kwamba wakimnyang'anya na huo, hajui atamfanya nini mume wake. Nililetewa maneno hayo. Sikuacha.

Siku ya uchaguzi tulikutana kwenye darasa moja la Nyakato, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Kapu likaletwa, Madam Shruti akachomoa karatasi, akaifungua, akasoma: Jovinary Byabato. Nusura nicheke kwa sauti. Nilikuwa na swali gumu kooni, lakini Madam, kwa ustaarabu wake ambao siku hiyo uliniudhi, akawahi kumpa jepesi: athibitishe kwamba namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, hazina mwisho.

Nilikaa mstari wa mbele, namwinda. Akaandika: chukua namba tasa zozote ulizonazo. Zizidishe zote pamoja. Ongeza moja. Umepata namba tasa mpya ambayo hukuwa nayo. Fanya hivyo tena, na tena, hutafika mwisho. Akaweka nukta. Watu wakapiga makofi, mengine ya shingo upande, na mimi nikakunja uso nikapiga mawili matatu.

Yeye hakugeuka. Alibaki anautazama ubao.

"Nani kasema ni tasa?" akauliza.

Akaandika chini yake: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, zizidishe, ongeza moja, unapata 30,031. Kisha akaandika kwamba hiyo ni 59 mara 509.

"Si tasa," akasema. "Tasa mpya ni hizi mbili zilizomo ndani yake. Nilipaswa kusema hivyo, sikusema."

"Lakini Mwalimu, jibu ni lilelile," Madam Shruti akasema kwa upole. "Hazina mwisho. Tuendelee tu."

"Hata la Mzee Nathaniel lilikuwa jibu lilelile. Sipigi kura."

Madam Shruti alishinda kwa kura moja. Jovinary angepiga yake, zingelingana, na zikilingana, katiba ya tawi inambakiza katibu aliyepo. Hakuna mtu mle ndani asiyelijua hilo. Matokeo aliyasoma yeye mwenyewe, kwa sauti kavu ileile ya siku zote, kisha akampa Madam mkono.

Wenzangu wakaikimbilia chai kwa kelele za ushindi. Mimi nikabaki, nikaona si uungwana kuondoka bila neno.

"Pole, Mwalimu."

"Mwalimu Luhaga," akasema huku anakung'uta chaki mikononi, "wewe ulikaa mbele kabisa. Ulikuwa unanitafutia kosa."

"Ndiyo." Sikuona sababu ya kuficha.

"Lilikuwa ubaoni wakati mnapiga makofi. Mbona hukulisema?"

Angenidharau, dharau ningeijibu, nina ulimi wa hilo. Hakunidharau. Alinitazama kwa wasiwasi, kama unavyomtazama mtu uliyesikia anaumwa.

"Hukuliona," akasema. "Na Jumatatu unaingia darasani."

Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia pale.